Siku Wanjohi Alipompoteza Mama Annonciata

Kama umewahi kupanda basi kusini mwa Landani miaka ya nyuma, huenda uliendeshwa na Wanjohi na hukujua. Ni mtu mrefu wa Nyeri, asiyependa haraka, shingo imeinama mbele kidogo kwa mazoea ya kutazama kioo. Alipostaafu, wenzake walikaa nyumbani na mpira wao. Yeye akaanza kupanda mabasi yale yale, sasa kama abiria, hadi vituo vya mwisho, kule nyumba zinakoisha na mashamba yanakoanza. Anashuka, anapita milimani na misituni kwa miguu, jioni anakamata basi jingine kurudi.

Tukaanza kumfuata. Kwanza wawili watatu wa kanisani Peckham, halafu Nishma wa Harrow, mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, anayeongea Kiswahili kama muuza samaki wa sokoni. Halafu na wengine. Tunakutana stendi ya mabasi ya Kingston, kila mtu na chakula chake. Hakuna gari la mtu, hakuna treni.

Jambo moja niwaambie mapema, maana ndilo lililotuponza. Wanjohi hahesabu watu. Bibi yake alimkanya tangu utotoni: binadamu hahesabiwi kama mbuzi, ukimhesabu unamwitia mabaya. Kwa hiyo kila njia panda yeye husimama, akageuka, akauliza, "Kila mtu anamwona mwenzake?" Tukiitikia, tunaendelea. Na kwa kweli hatukuwa tumewahi kumpoteza mtu.

Basi Jumamosi moja ya Novemba tukapanda la 465 liendalo Dorking, tukashuka chini ya Box Hill. Siku hiyo Sidonie, dada wa Kikongo anayetunza wazee majumbani, alimleta shangazi yake. Mama Annonciata alikuwa amefika Uingereza mwaka huo huo baada ya miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Mama mzito wa heshima, kilemba cha kitenge kichwani, na viatu vipya vya kutembelea ambavyo alivitazama kila mara kama watoto wasiosikia.

Ana ugonjwa wa sukari. Asubuhi alikuwa amejidunga sindano, na baada ya ile sindano lazima ale kwa wakati, la sivyo sukari inashuka na yeye anaanguka. Sidonie alilijua hilo vizuri. Alibeba chakula cha shangazi, juisi yake, simu yake, hata koti lake zito. Kwao mtu mzima hatembei na mzigo huku binti yake mikono iko mitupu.

"Tantine, nipe na kile kitambaa cha shingo," Sidonie alimwambia shangazi yake tulipoanza kupanda.

"Na miguu je? Hutaki kunibebea na miguu?"

Tulicheka wote. Wanjohi akatuongoza juu kwa ngazi za udongo uliozuiwa kwa mbao, chokaa nyeupe ikiteleza chini ya viatu. Tulipofika juu ukungu ulikuwa umeshashuka. Tukaingia msituni, kwenye miti ile ya kijani kizito isiyopukutisha majani, ambayo chini yake kuna giza hata saa sita mchana. Penye njia panda Wanjohi akasimama.

"Kila mtu anamwona mwenzake?"

Tukaitikia ndiyo. Sidonie, aliyekuwa nyuma, alijua shangazi yake yuko mbele na Nishma. Nishma naye, aliyekuwa mbele akipiga soga, alijua mama yuko nyuma na Sidonie. Kumbe Mama Annonciata alikuwa ameingia nyuma ya miti kujisaidia. Hakumwambia yeyote. Mama wa umri ule atamwambiaje mtu jambo la namna hiyo?

Tuligundua tulipokaa kula, tukiwa tumecheleweshwa na ukungu. Sidonie alifungua bakuli la kwanza, la sombe, yaani kisamvu cha kwao, akakifuta kijiko, akanyoosha mkono.

"Tantine, shika." Akageuka. "Tantine iko wapi?"

Nishma akaacha kutafuna. "Si alikuwa na wewe?"

"Na mimi? Alikuwa na weye!"

Nishma akatoa simu na kumpigia mama. Tukasikia mlio. Ulikuwa unatoka kwenye mkoba uliokuwa mgongoni mwa Sidonie.

Wanjohi alisimama, uso umemkauka, akatazama saa. Muda wa mama kula ulikuwa umepita zamani. Tukarudi mbio tulikotoka. Wanjohi ana sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, nzito na tulivu, na hapo aliifungulia yote.

"Mama Annonciata! Mama! Tuko hapa!"

Kimya. Akapuliza filimbi. Sisi tukaita, kila mmoja upande wake. Mzungu mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa wawili alituuliza kuna nini, tukamweleza, akawasha tochi na kuanza kutusaidia. Mbwa wakabweka. Tochi ikapita kwenye mashina. Kadiri tulivyoita, ndivyo msitu ulivyozidi kunyamaza, na giza lilikuwa linaingia.

Wanjohi akapiga simu ya dharura. Waliahidi kuleta watu na mbwa wa kunusa, lakini ilibidi wasafiri kwanza. Akafunga simu, akavuta pumzi ili aite tena. Hapo Sidonie akamshika mdomo. Mdogo wake kwa umri, mtu wa kumwamkia shikamoo, lakini alimziba mdomo kwa kiganja.

"Papa Wanjohi, hapana! Nyamaza. Nyamazeni wote!"

"Sidonie, mama atakufa na baridi."

"Anasikia," alisema Sidonie. "Anatusikia tangu mwanzo. Wakati tulikimbia vita, tulilala porini. Wenye walikuja kututafuta walikuwa na mbwa na taa. Walikuwa wanaita majina yetu. Kwa sauti nzuri kabisa, Papa, kama ya kwako. Tuko hapa, mama, njooni. Na wenye waliitika..."



Wanjohi aliitazama filimbi mkononi mwake, kisha akaitia mfukoni. Akamwendea yule mzungu, akamwomba kwa upole azime tochi na kuwarudisha mbwa barabarani. Aliporudi alinong'ona, "Sasa tutamwitaje bila kumwita?"

"Sijui."

"Wale watu. Kuna kitu hawakufanya? Kitu ambacho akikisikia atajua si wao?"

Sidonie alifikiri.

"Hawakugombana juu ya chakula," akasema.

Basi tukafanya hivyo. Tukatembea polepole kwenye njia ile ile kama watu waliotoka sokoni, bila taa, na Nishma ndiye aliyeanza.

"Hii sombe yako, Sidonie, nani alikufundisha? Chumvi tupu."

"Weye unajua nini ya sombe? Nyinyi mnatia manjano mpaka kwenye chai!"

"Afadhali manjano. Haya majani umeyatwanga na kiatu?"

"Mulize Papa Wanjohi, Jumamosi iliyopita alikula sahani mbili."

"Nilikuwa na njaa," alisema Wanjohi. "Kwetu majani kama hayo tunampa mbuzi, na mbuzi anafikiria kwanza."

Siku nyingine tungeanguka kwa kicheko. Tulitembea, tukanyamaza kidogo, tukasikiliza. Hakuna kitu. Tukafika kwenye njia panda, tukageuka. Nishma alikuwa analia huku akiendelea kumtukania Sidonie upishi wake, machozi yanamtiririka na matusi hayapungui. Nilimwona Wanjohi akiegemea mti kwa mkono mmoja.

Sidonie akapaza sauti, hasira ya kweli sasa imeingia ndani yake, "Basi kama ni mbaya mlaumuni Tantine! Yeye ndiye alinifundisha. Alisema sombe haitaki mawese, tia mafuta ya chupa tu, inatosha!"

"Uongo!"

Sauti ilitoka chini, karibu sana, kwenye matawi yaliyogusa ardhi. Tulikuwa tumepita hapo mara tatu.

"Sidonie, muongo weye! Mafuta ya chupa? Mimi?"

Sidonie aliingia chini ya matawi kwa magoti. Tulimkuta mama amejikunja kwenye shina, amevua kilemba chake chekundu na kukikalia kisionekane. Jasho lilimlowesha ingawa baridi ilikuwa kali, na midomo ilimcheza. Hakuweza kusimama. Sidonie akamnywesha juisi kidogo kidogo, akimshika kichwa, akimwambia ndiyo Tantine, ni mawese, nilikosea, kunywa. Nishma akamfunika koti. Wanjohi alipiga simu kule kwa waokoaji, kwa sauti ya chini, kuwaambia amepatikana na kuwaelekeza tulipo.

Ikachukua muda kabla macho ya mama hayajatulia. Yakatupitia mmoja mmoja, yakasimama kwa Wanjohi, aliyebaki mbali kidogo na kofia mkononi.

"Ni weye ulikuwa unaita?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe. Nilikuacha, halafu nikakutisha."

Mama akanywa tena. Akajifuta mdomo.

"Una sauti nzuri sana," alisema. "Porini usiite mtu nayo."

"Sitaita, mama."

"Sasa kaa. Unasimama juu yangu kama askari."

Wanjohi akaketi pale pale kwenye majani yaliyolowa, suruali yake nzuri na yote. Mama Annonciata akanyoosha mkono kwa Sidonie.

"Nipe hiyo sombe nionje mwenyewe."