Kiti cha Waliotoa Damu

Nyumbani kwake hakuna aliyemwita Shangazi. Hakuna aliyemwita chochote. Fundi cherehani huyu aliishi peke yake tangu mdogo wake aolewe, na wateja walikuja kwa "fundi, nguo yangu tayari?" wakachukua, wakaenda zao. Jina la Shangazi alilipata kwenye kituo cha kuchangia damu. Pale nesi alimshika mkono na kumuuliza kama amelala vizuri, halafu msichana wa juisi alimkalisha kwenye kiti cha dirishani, asije akainuka upesi akaanguka. Robo saa nzima mtu anakutazama usoni! Nani angekataa?

Tatizo, mwanamke hutoa damu kila baada ya miezi minne, na miezi minne ni mirefu kwa mtu asiyepigiwa hodi. Basi akajitia ujanja: akawa anatoa na kwenye kituo cha upande wa pili wa mji, bila kusema huku wala kule.

Mwili ukaanza kumsuta. Akawa anahema ngazini, na mikono ikitetemeka akitunga uzi. Siku moja nesi alimkazia macho. "Shangazi, umepauka. Leo hutoi. Tunapima kwanza akiba yako ya madini ya chuma."

Akamchota damu kidogo, akambandika pamba. Majibu yalitoka kabla ya adhuhuri.

"Damu inayozunguka bado ipo ipo," nesi alisema, "lakini ghala ni tupu kabisa. Unatoa wapi pengine?"

Shangazi akatazama viatu vyake. "Kule ng'ambo ya mji."

"Kwa nini, jamani?"

Angeanzia wapi? "Napenda kusaidia," akasema. Ilikuwa kweli, ila si yote.

Akapewa vidonge na kuambiwa asitoe damu mpaka akiba irudi, huenda mwaka mzima, na kituo cha pili kitaarifiwa. Akavitia mkobani, akainuka.

Alikuwa karibu na mlango msichana wa juisi alipoiona ile pamba mkononi. "Shangazi! Unakimbilia wapi? Hebu kaa upumzike kwanza."

Kiti kile kilikuwa cha waliotoa. Yeye leo hakuwa ametoa. Akakaa, akapokea bilauri, akanywa kidogo kidogo mpaka meza zikaanza kufutwa.

"Haya, Shangazi, tuonane baada ya miezi minne."

"Panapo majaliwa," akajibu, lakini hakuinuka.