Mto Niliouchora Upande wa Tarasaa

Najua utacheka, hata mimi ningecheka. Lakini niamini, haya yalinipata mwenyewe hapa Garsen, mwaka uliofuata mafuriko ya El Nino, na sikuwa na homa.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia. Jumamosi alasiri nilikuwa nikicheza dadu na wenzangu wawili: Komora, mkulima wa migomba, na Guyo, muuza dawa za mifugo. Mimi nasimulia nchi ya mazimwi, wao wanajifanya mashujaa, dadu inaamua nani afe. Kubuni nchi sijui, kwa hiyo nilitandika mezani ramani halisi ya kwetu, ile yenye mistari ya kuonyesha miinuko. Lakini huku kwetu ni tambarare tupu. Zimwi litajificha wapi? Nikachukua kalamu, nikachora mkono mpya wa mto, ukatoka Tana ukakata nyika upande wa Tarasaa, zimwi likapata maficho.

Jumamosi iliyofuata, jua likiwaka, akaja mzee tusiyemjua, amelowa hadi kiunoni. Mvua ilitoka wapi? Akatusalimu vizuri, tukampa kiti.

"Nani kati yenu amechora mto?"

Komora na Guyo wakanionyesha mimi. Ndio marafiki hao.

"Mwalimu, umeupitisha chumbani kwangu. Mke wangu analala juu ya kabati, na zimwi lako linatumalizia kuku."

Nikamwambia ni mchezo tu. Akaweka kidole juu ya mto wangu. Alipokiinua kilichuruzika maji, na karatasi ilikuwa kavu. Nikasugua kwa kifutio, wapi! Wino haukutoka.

"Basi nichoree kilima tuhamie," akasema mzee. "Kiwe kifupi. Mke wangu anaumwa magoti."

"Mlango mngependa utazame wapi?" Guyo akauliza kwa heshima.

"Penye upepo, mwanangu."

Nikachora. Akashukuru, akaondoka, na hakufika langoni. Tulikuwa tunamtazama, kisha hatumtazami mtu.

Baadaye nilipata nakala mpya ya ramani ile. Kilima kipo, kimechapwa. Wachungaji wa Kiorma wanapandisha ng'ombe pale maji yakijaa, na ukiwauliza watakwambia kimekuwapo siku zote.

Komora alishindwa kunyamaza. Mpaka leo watu wanabisha hodi kwangu: huyu anataka barabara ya lami, yule anataka jirani yake asogezwe ng'ambo. Nawakatalia wote. Nawe ukipata ramani ya mahali penye watu, itazame tu. Hujui nani amelala pale unapoweka kalamu.