Mate ya Mbwa wa Lavington

Kule Riruta tulijua, tena kwa uhakika, kwamba mbwa wa Lavington, mtaa wa matajiri, akikulamba kidonda, kitafunga kabla hujamaliza chai. Si hawa wetu wa mtaani. Ni yule anayekula nyama kila siku na ana daktari wake. Mimi nilikuwa mtunza bustani huko, na mbwa wa tajiri wangu alikuwa mkubwa kama ndama. Angeweza kummeza mlinzi pamoja na rungu lake.

Jioni nilisoma mjini, ghorofani karibu na River Road. Siku moja mwalimu wa bayolojia akatueleza kwamba kwenye mate kuna peptidi, vipande vidogo vya protini vyenye chaji chanya. Utando wa bakteria una chaji hasi, basi vinavutwa kwake, vinajipenyeza kwenye mafuta yake na kuutoboa. Bakteria anavuja mpaka anakufa. Nusura niruke dirishani kwa furaha. Kumbe uvumi wetu ulikuwa na sayansi.

Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda kwenye kidole cha mguu kilikuwa kimekataa kupona. Nikamwonyesha mbwa mfupa, nikakinga mate kwa chupa ya jemu. Mama alinusa, akauliza mbona dawa inanuka bucha. Nikamwambia imetoka ng'ambo.

"Haya, paka," akasema. "Wewe ndiye umesoma."

Siku ya nne mguu ulikuwa umefura, unawaka, na mama ananiita kwa jina la marehemu baba. Hospitalini walisema huenda wakaukata hadi gotini. Kila aliyeniuliza tulipaka nini nilimjibu maji ya chumvi. Kesho yake muuguzi akaniambia dawa hazishiki, wanabahatisha tu. Hapo nikasema yote, nikitazama sakafu. Hakucheka. Aliandika kwenye faili, akaenda mbio kumwita daktari.

Walibadilisha dawa. Kidole kilikatwa, mguu ukabaki. Wiki iliyofuata, muuguzi yuleyule akimfunga mama bandeji, nilimuuliza peptidi zilishindwa wapi.

"Ndugu yangu, mwalimu wako hakudanganya, zipo," akasema. "Lakini kwenye mate ni chache, na bakteria wa mdomoni mwa mbwa wamezizoea, ndiyo maana wanaishi humo. Hukumpaka mama dawa. Ulimpaka bakteria."