Mara Nne Verona

Nilipokwenda Verona mara ya kwanza, nilikuwa nimekaa Riyadh miaka mitatu, na katika miaka hiyo sikuwahi kutoka mtaa wa Al-Naseem ila ndani ya gari la familia. Bosi wangu, ambaye sote tulimwita baba, aliuza marumaru ya sakafu na ngazi, na mji huo wa Italia ndiko alikokwenda kuchagua mawe yake. Kwa kawaida alikwenda peke yake. Mwaka ule aliamua kumchukua madam, mkewe, na pia mama yake mzazi aliyeshauriwa na daktari abadilishe hewa. Mama hakuweza kuoga wala kuvaa bila mimi. Ikabidi nami nitafutiwe viza.

Mama huyo tulimwita Yumma, kama Waarabu wa huko wanavyowaita mama zao. Magoti yalikuwa yamemchoka, na kumbukumbu zake zilikuja na kuondoka zilivyotaka. Siku nyingine alinijua vizuri. Siku nyingine alinidhania dada yake aliyefariki zamani, akanigombeza eti nimemfichia viatu.

"Nisamehe dada," nilikuwa nikimjibu. "Kesho nitavirudisha."

Hapo alitulia, tukaendelea na kazi ya kusuka nywele zake.

Tulifika mwezi wa saba. Mimi nilizaliwa milima ya Taita, baridi naijua, na nilikuwa nimeambiwa Ulaya yote ni baridi, kwa hiyo nilibeba sweta mbili. Sikuzivaa hata siku moja. Jua lilichoma, mji umejaa wageni wenye kofia na chupa za maji. Barabara ya maduka ilikuwa imetandikwa marumaru yenye rangi ya waridi, na baba aliipita ameinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha ufunguo. Madam alitazama madirisha ya maduka. Mimi nilitazama magurudumu ya kiti cha Yumma, maana ukitoka tu kwenye barabara ile unakutana na mawe ya mviringo yaliyotolewa mtoni, na kila jiwe lilimtikisa hadi kwenye meno.

Nyumba tuliyopanga haikuwa mbali na uwanja wa kale wa mawe, ule wa Warumi. Jioni watu walikusanyika humo kusikiliza waimbaji, na sauti zikatufikia dirishani. Jioni ya kwanza Yumma alinishika mkono.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Yumma. Wanaimba tu."

"Kama hakuna aliyekufa, mbona wanalia hivyo?"

Madam alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka namna ile Riyadh.

Kilichompendeza Yumma zaidi kilikuwa mto. Alikulia Al-Ahsa, kwenye mitende na chemchemi, kabla hajaolewa akapelekwa Riyadh ambako maji hutoka bombani. Nikimsimamisha juu ya daraja, akishika ukuta wake wa matofali, aliacha kuuliza maswali. Tuliweza kukaa hapo nusu saa, yeye akitazama maji, mimi nikipumzisha mgongo.

Baba aliona jinsi mama yake alivyolala vizuri huko, akaturudisha mwezi wa kumi. Wageni walikuwa wamepungua na majani ya miti ya kando ya mto yamegeuka rangi ya kutu. Barabarani walichoma kokwa fulani kubwa za kahawia, kama kwetu wanavyochoma mahindi, na mchomaji mmoja alizoea kumpa Yumma mbili kwenye karatasi kabla hatujanunua. Safari hiyo Yumma alitembea hatua kumi bila kiti. Nilizihesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, naye akazirudia nyuma yangu: moja, mbili, tatu. Namba hizo hakuzisahau tena.

Mara ya tatu ilikuwa Januari, na hiyo ndiyo nisiyoweza kuisimulia bila moyo kwenda mbio.

Siku ile baba alikuwa ameondoka asubuhi kwenda machimbo ya mawe. Ukungu ulikuwa umeukalia mji mzima. Yumma siku hizo aliweza kwenda mwenyewe polepole, hata kushuka ngazi, akishika ukuta. Baada ya chakula cha mchana nilimlaza Yumma kitini karibu na dirisha, nikaingia jikoni kuosha vyombo. Madam alikuwa sebuleni anaongea na dada yake kwa simu. Nikamsikia akitoka nje kwenye ngazi, pengine simu ilikuwa haishiki vizuri ndani, kisha nikamsikia akirudi. Nilipomaliza vyombo nikatoka na kikombe cha chai. Kiti kilikuwa kitupu. Mlango wa nje ulikuwa wazi, na baridi inaingia.

"Madam! Yumma yuko wapi?"

Alitoka chumbani, simu bado sikioni. Alitazama kiti, akatazama mlango, uso ukambadilika.

"Umeuacha mlango wazi!" akanipigia kelele. "Umeuacha wazi wewe!"

Nilishuka zile ngazi kwa ndala za ndani, bila koti. Sikumfikiria kafili, yaani baba aliyenidhamini, wala ikama, kibali changu cha kuishi Saudia, wala tikiti ya kurudishwa kwetu. Hayo yalikuja baadaye. Nilifikiria daraja tu, na ukuta wake mfupi, na maji ya Januari.

Nilikimbia. Ukungu wa Taita naujua tangu utotoni, unajua mti uko wapi na nyumba ya nani iko wapi hata usipoviona. Huu sikuujua. Watu walitokea ghafla mbele yangu na kupotea. Niliita "Yumma! Yumma!" nikasikia sauti yangu imekuwa ya mtoto. Darajani hapakuwa na mtu. Niliinama ukutani nikatazama chini, nisione hata maji, nikayasikia tu. Nikamwomba Mungu kwa Kitaita, lugha niliyokuwa sijaitumia kuomba kwa miaka.

Nilirudi kwa njia ya nyuma, nikichungulia kila mlango. Uchochoro wa pili kulikuwa na duka dogo la kufulia nguo, lile la kutia sarafu ukajifulia mwenyewe kwa mashine. Kioo chake kilikuwa kimeshika mvuke. Ndani niliona kitu cheusi, nikasukuma mlango.

Yumma alikuwa ameketi kwenye benchi na abaya yake, blanketi la mtu begani, mbele ya mashine iliyokuwa ikizungusha maji na povu. Kando yake alikaa mwanamke Mwitaliano mwenye mvi anayekunja mashuka. Walikuwa wakizungumza, huyu Kiarabu, huyu Kiitaliano, na kila mmoja alimwacha mwenzake amalize kabla ya kujibu.

Yumma aliniona, akanipungia mkono kama mwenyeji.

"Njoo ukae," akasema. "Maji ya hapa ni mazuri, lakini wanayatia sabuni."

Nilikaa sakafuni, nikaweka kichwa magotini pake na kulia mbele ya mwanamke nisiyemjua. Yule mama Mwitaliano alitazama ndala zangu zilizolowa, akaenda nyuma, akaniletea soksi nzito za sufu zilizotoka kukaushwa, bado zina joto.

Madam alimpokea Yumma kwa kumkumbatia na kumbusu kichwa. Mimi hakunitazama. Baba aliporudi alikuta mama yake anakula supu, na madam akamweleza mbele yangu kwamba niliacha mlango wazi. Baba hakupaza sauti.

"Tukifika Riyadh, halas, imekwisha," akasema. "Utarudi kwenu."

Ningeweza kusema ukweli. Nilijua nilichokisikia kwenye ngazi. Lakini neno la mfanyakazi juu ya madam wake lina uzito gani? Nikasema, "Sawa baba," nikaenda kumvalisha Yumma nguo za kulalia.

Asubuhi baba alikuwa akinywa kahawa, mimi nikimpakia Yumma asali kwenye mkate, madam akaingia. Macho yalikuwa yamevimba. Alibaki amesimama.

"Mlango niliuacha mimi," akasema. "Nilitoka na simu. Yeye alikuwa jikoni."

Baba akaweka kikombe chini.

"Jana ulisema nini?"

"Nilisema uongo. Niliogopa kwamba Yumma akifa, ndugu zako watasema nimemuua mimi."

Sijui ni nini kilimfanya aseme. Alikuwa na usiku mzima wa kunyamaza, na miaka mingi mbele yake ya kuendelea kunyamaza, na hakuna ambaye angemuuliza. Nilichokijua wakati ule ni pumzi tu: ilinitoka kifuani kwa kishindo, kama niliyetuliwa mtungi kichwani. Baba hakuniomba radhi, hakuwa mtu wa hivyo. Alitoka, akarudi na viatu vya baridi vya ngozi, namba moja zaidi ya mguu wangu, akaviweka mlangoni mwa jikoni.

Madam ndiye aliyenifuata.

"Unataka nini? Sema."

Nilikuwa nikikijua siku nyingi. "Jumapili niende kanisani, madam. Saa moja tu."

Alitikisa kichwa kukubali. Jumapili akabaki na Yumma mwenyewe, nami nikaketi safu ya nyuma katika kanisa la mawe lenye baridi kuliko nje. Sikuelewa hata neno. Lakini nilijua wakati wa kusimama na wakati wa kupiga magoti, na mwanamke wa mbele yangu alipogeuka kunipa mkono wa amani, nilimpa wangu. Miaka mitatu na nusu nilikuwa nimesali chooni, bomba likiwa wazi nisisikike.

Tulirudi mara ya nne Aprili. Mto ulikuwa umejaa maji ya theluji iliyoyeyuka milimani, rangi ya kijani kibichi, na kwenye kuta za nyumba zilizozeeka maua ya zambarau yalining'inia kama vishada vya zabibu. Yumma hakutembea tena. Lakini mambo yalikuwa mepesi. Madam na mimi tulipokezana kusukuma kiti, na alizoea kuniambia habari za dada yake na za ndoa yake, huku tukivipita vile vitu vyote ambavyo wageni huja kuvipiga picha.

Baada ya hapo baba na ndugu zake walikubaliana Yumma akakae Jiddah kwa binti yake mkubwa. Nilimsindikiza, nikakaa naye huko miezi mitano ya mwisho ya mkataba wangu. Ijumaa nilipewa mapumziko, nikawa nakwenda mtaa wa Al-Mahjar kwa mwanamke wa Kenya anayepika chapati nyumbani kwake, tunaketi sakafuni wanne watano na kuongea Kiswahili mpaka koo zikauke.

Binti wa Yumma alijifunza kazi yangu polepole: jinsi ya kumwinua bila kumshika kwapani, jinsi ya kukubali kosa la viatu. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta tayari ameshamwogesha mama yake na kumsuka, kisogoni nywele zimekwenda upande. Nikazitazama, nikaziacha hivyo hivyo. Nilimbusu Yumma mikono yote miwili, nikachukua begi langu, nikashuka kwenye gari.

Uwanja wa ndege afisa alitazama pasipoti yangu, akaigonga muhuri, akanirudishia bila hata kuniuliza jina. Nilipoketi nikafunga mkanda, nikalala usingizi mzito, sikuamka hadi jirani yangu aliponigusa bega kuniambia tumefika Nairobi.