Ukuta wa Gunia

Ninyi wa leo, wenye nyumba za vyumba sita, mtanicheka nikisema ukuta wa gunia ulinishangaza kuliko kanisa kubwa. Chekeni tu. Waliolelewa katika kambi za wafanyakazi za Élisabethville, enzi za ukoloni, wananielewa.

Nyumba yetu ilikuwa ya chumba kimoja na mlango mmoja. Kwa mila yetu, mama hakutani uso kwa uso na mume wa binti yake. Kwa hiyo mukwe akitoka Kipushi, alikokaa na dada yangu, mama alikimbilia kwa jirani. Mwaka ule dada alikuwa na mimba ya kwanza, nayo ilimtesa. Habari zake mama alizipata mwisho, mtaa mzima umekwisha kuzijadili! Iliniuma sana.

Baba alikuwa seremala. Mapadre walimwita atengeneze jukwaa la mchezo wa kuigiza kwenye ukumbi wa parokia. Akawamba magunia kwenye fremu za mbao, akayapaka rangi ya matofali, akaacha milango miwili: wa wageni na wa wenyeji. Siku ya mchezo, mzee mmoja wa mchezoni alijificha nyuma ya ukuta ule, akasikia kila neno la wanawe waliokuwa mbele. Watu walicheka hadi machozi. Mama hakucheka.

"Baba ya batoto," alisema tukirudi, "ule ukuta, bapadri batafanya nao nini?"

"Batautupa."

"Basi bautupie kwetu."

Jumapili iliyofuata tulikuwa na vyumba viwili, na baba ametoboa mlango wa nyuma bila kumwomba ruhusa mzungu aliyesimamia kambi. Majirani walikuja kupapasa yale matofali ya rangi, wakashika midomo. Mungu wangu! Nyumba ilikuwa imekua bila kuongezeka hata hatua moja. Niliogopa kusema kwa sauti, isije ikarudi kuwa chumba kimoja.

Kisha mukwe akaja. Mama akapita nyuma ya gunia. Baba akauliza habari za dada, na kijana akafuta jasho kwanza.

"Iko muzima," alisema mwishowe. "Amezaa. Mutoto mwanamuke. Tumemupa jina ya mama mukwe."

Vigelegele vikapasuka kutoka ukutani! Mukwe aliruka; alidhani mama yuko kwa jirani. Halafu akapiga magoti, akielekea yale matofali ya rangi, akapiga makofi ya heshima, salamu yetu kwa wakubwa, polepole. Na kutoka upande wa pili, kwa mara ya kwanza, mikono ya mama ikamjibu.