Kikombe cha Nyonga ya Mama

Mama alikuwa akiuza chumvi sokoni Muyinga. Siku moja milio ya bunduki ilisikika karibu, akakimbia, akaanguka, nyonga ikavunjika. Akaletwa Gitega, kwenye hospitali nilikokuwa nikipiga picha za eksirei.

Daktari mgeni alimwekea nyonga ya chuma, naye mwenyewe alikuwa anaondoka kesho yake, barabara ikiruhusu. Kabla hajaondoka alitaka nipime kama kikombe alichokipachika kwenye mfupa kimekaa sawa. Kikisimama mno, kichwa cha paja huchomoka, na ingebidi Mama apasuliwe tena. Na nani, ikiwa daktari keshaondoka?

Nilichora mstari chini ya mifupa miwili ya kukalia, nikachora mwingine kwenye mdomo wa kikombe, nikaweka kipimapembe cha shule. Pembe ilizidi. Nikafuta, nikapima upya, ikazidi vilevile. Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Niliogopa, sina haja ya kuficha.

Ndipo nikaacha kukodolea macho kikombe, nikaitazama picha nzima. Matundu mawili ya chini ya nyonga hutakiwa kufanana. Hapa moja lilikuwa wazi, jingine limebanwa. Upande mmoja wa kiuno ulikuwa umeinuka, na kiuno kikiinama pembe hudanganya. Na mimi nilikuwa nimemlaza chali kwa mikono yangu.

Nilikwenda wodini nikampapasa mgongoni. Chini ya kitenge alikuwa amefunga kifurushi cha nguo. Miaka ile wanawake wengi walilala hivyo, maana saa yoyote ingekuwa miguu niponye. Nikamwambia akivue. Nilimfokea kidogo, Mungu anisamehe.

"Mi hiyi siiachi," akasema. "Wakikuja, ntaitafuta wapi?"

Nilimbembeleza hadi akakubali nikiweke kitini, mahali anapokiona. Nikapiga picha ya pili. Pembe ilikaa pazuri, na daktari naye alipopima akaridhika.

Kisha akanipa masharti nimfasirie Mama: asiketi mkekani, asichuchumae, swala aswali akiwa kitini, na asikimbie kamwe. Mama alisikiliza yote kwa utulivu ambao mimi sikuwa nao.

"Na wale wanatukimbizaka," akauliza, "nabo amewakataza?"

Daktari alitaka kujua amesema nini. Nikamwambia amesema asante.