Maji ya Ukweni

Dereva wa lori la pamba ndiye aliyetuletea habari hapa Shinyanga: yule fundi cherehani wa Tinde, aliyehamia machimbo ya dhahabu upande wa Geita, amekufa kwa kuhara damu. Wengi wenu mmevaa kanzu zake. Nimekwenda kuhani na nimerudi, na hasira niliyoondoka nayo imezidi. Leo msinitafutie maneno matamu.

Mwaka jana Mhindi aliyempa baraza ya kushonea alifunga duka, fundi akawa hana budi kuhama. Njia zilikuwa mbili: aje hapa mjini, penye stesheni na visima vilivyojengewa, au aende machimboni alikokuwa baba mkwe wake. Mimi nilimwambia aje mjini. Mkewe alisema vivyo hivyo, ingawa machimboni ndiko kwa baba yake. Lakini mzee alikuwa amekwisha kuita: "Njooni, wanangu, huku ni kuzuri. Wachimbaji wanachana suruali kila siku." Fundi akaenda kwanza kupatazama, kama afanyavyo mtu mwenye akili.

Sasa sikilizeni alivyopatazama. Aliporudi nilimwuliza, "Maji je?"

"Yapo. Nililetewa mtungini, baridi kabisa."

"Umeona yanakochotwa?"

Akacheka. "We bwana! Nizurure uani kwa mama mkwe? Nilikaa kibandani waliponiweka, nikala kuku wao, nikaaga."

Mtu wa huku hahitaji kufafanuliwa. Mkwe harandirandi kwa wakweze. Akikutana na mama mkwe njiani hupisha kando, macho chini. Na baba mkwe aliyekukaribisha huwezi kumhoji, maana kumhoji ni kumwita mwongo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, ila hawakutuambia tufanye nini mbele ya baba mkwe. Basi fundi akafunga cherehani yake, akahama na mke na watoto.

Maji yale yanatoka katika kijito wanamooshea mchanga wa dhahabu, na juu yake kuna kambi isiyo na choo hata kimoja. Kila mwenyeji anajua. Kiangazi kilichotangulia kuhama kwa fundi walizika watoto wa jirani, na mzee mwenyewe alishika jembe kuchimba makaburi. Hata hivyo kila mwaka vijana wa machimboni huja Tinde siku ya Idi na viatu vipya, ukiwauliza habari za huko hujibu nzuri, kwa sababu anayesema kubaya ataonekana ameshindwa. Tunapeana miji kama tunavyopeana salamu.

Nilipofika matangani nilimfuata mzee pembeni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa upole.

"Mzee, ulijua habari ya maji haya?"

"Nilijua."

"Mbona hukumwambia?"

"Hakuniuliza." Kisha akasema, "Nilitaka binti yangu awe karibu."

Nilimwonea huruma, sikatai, lakini hasira haikunitoka. Pale matangani walimsifu marehemu kwa adabu zake, wakasema ni amri ya Mungu. Jamani, msimsingizie Mungu! Mungu hakuuweka ule mtungi mbele ya mgeni na kunyamaza. Kisha wazee wakaanza kupanga kwamba mjane akimaliza eda atabaki hapo hapo, kwani pana ndugu na pana riziki. Hakuna aliyekitaja kijito.

Sauti ikatoka ndani ya nyumba, tukaisikia sote barazani. "Baba, nisamehe. Eda ikiisha nahamia Shinyanga. Na kuanzia leo wanangu hawanywi maji ya hapa mpaka niyachemshe mwenyewe."

Mzee mmoja akaguna. "Binti huyu hana adabu," akasema, na wengine wakatikisa vichwa kukubaliana naye. Baba yake aliinama.

Ndugu msomaji unayetaka kuhama, pita uani. Fuata wanawake mpaka wanakochota, uliza waliozikwa mwaka jana waliugua nini, na baba mkwe akinuna mwache anune. Rafiki yangu alikufa na adabu zake zote, na hao waliomsifu kwa adabu ndio waliomwingiza kaburini.